Mfarishi wa viraka ukikusumbua: tafuta chanzo hatua moja nyuma

Mtu akiketi na sindano, kona mbili zikakataa kukutana, kitu cha kwanza kulaumu ni mkono wake. Mara nyingi mkono hauna kosa. Katika kazi ya viraka tatizo huonekana hatua moja baada ya pale lilipozaliwa: kona isiyokutana imetoka kwenye kukata, mkunjo wa nyuma umetoka kwenye kutandika, rangi iliyochuja imetoka kwenye beseni ambalo halikutumika. Kwa hiyo kila dalili hapa chini nimeirudisha nyuma mpaka kwenye chanzo chake, kisha nikaeleza namna ya kuokoa kazi iliyokwisha kuharibika. Hakuna anayetaka kuambiwa "ungefanya hivi" wakati viraka 48 viko mapajani.

Ili tusiongee hewani, tuchukue kazi moja: mfarishi (tandiko la matabaka yaliyoshonwa pamoja) wa kitanda cha mtoto, miraba 48 ya kitenge na khanga, sita kwa upana na nane kwa urefu. Kila mraba umekatwa inchi 5½ kila upande. Mshono unakula robo inchi kila ukingo, hivyo mraba ulioshonwa pande zote hubaki inchi 5, na mfarishi mzima hutoka inchi 30 kwa 40. Chini yake khanga moja, katikati tabaka la joto. Hakuna cherehani. Vipimo ni vya inchi kwa sababu rula ya shule na futi kamba ya fundi zote zinazo, na robo inchi ni rahisi kuikumbuka kuliko milimita sita na kitu.

Kona hazikutani

Hili ndilo lalamiko la kwanza la kila anayeanza, na lina vyanzo vingi, kwa hiyo tulikalie.

Chukua futi kamba kabla ya kuchukua wembe wa kufumulia. Laza mstari mmoja wa miraba sita uliokwisha kuungwa, unyooshe kwa kiganja bila kuuvuta, upime. Unapaswa kuwa inchi 30½. Ile nusu ya ziada ni robo ya kila ncha ambayo bado haijaliwa na mshono. Ukikuta 29¼, basi unashona ndani mno, inchi 3/8 badala ya robo. Tofauti ya 1/8 huwezi kuiona kwa jicho, lakini kila mshono unaila pande mbili, na mishono iko mitano: jumla inchi moja na robo. Mstari unaofuata ukiushona kwa uangalifu zaidi ukatoka 30½, miwili hiyo haitakutana hata uivute kwa meno.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hulipita. Ukipima mistari yote minane ukakuta yote imepungua kwa kiasi kilekile, usifumue chochote. Mfarishi wako utakuwa mdogo kidogo, basi. Mtoto hatakuja na rula. Kinachoharibu kazi ni kutofautiana kwa mistari. Kupungua peke yake hakuna shida.

Mistari ikitofautiana, chanzo karibu kila mara ni kwamba unashona kwa kukisia robo inchi kutoka ukingoni. Kwenye cherehani kuna mguu unaokuongoza, mkononi hakuna. Dawa ni kuchora mstari wa kushonea. Kata kiolezo cha boksi gumu, la viatu linafaa, inchi 5 kamili kila upande. Kiweke upande wa nyuma wa kitambaa, kizungushie chaki, kisha kata kwa nje ukiacha kama robo inchi kwa kukadiria. Ukishona juu ya mstari uliochorwa, ukingo uliokatwa hauna neno tena: uwe umepinda, uwe umezidi, mraba utatoka inchi 5. Ushauri huu mmoja unatibu nusu ya matatizo ya anayeanza, na ndio unaorukwa kuliko yote kwa kuwa unaonekana kupoteza muda.

Kuchora nako kuna makosa yake. Kiolezo cha boksi hulika kona. Zikianza kuwa butu, kata kipya. Usitumie kiraka ulichokwisha kukata kuwa kiolezo cha kinachofuata, kwa sababu kila kimoja huongezeka unene wa chaki, na cha ishirini hakifanani tena na cha kwanza. Usirundike tabaka nne za kitenge na kuzipitisha mkasi mara moja: la juu hutoka sawa, la chini huteleza. Mbili zinatosha. Kitenge cheusi kinachorwa vizuri kwa kipande chembamba cha sabuni ya mche kilichokauka. Khanga nyeupe ichorwe kwa penseli, kwa wepesi. Kalamu ya wino hapana. Wino wake hungoja siku ya kufua ndipo utokeze upande wa pili.

Mistari inaweza kuwa sawa kwa urefu na bado kona zikakataa. Hapo tazama namna ulivyobana pini. Weka miraba miwili uso kwa uso, chomeka pini kwenye kona ya mstari wa mraba wa mbele, kisha geuza uone imetokea wapi nyuma. Isipotokea kwenye kona ya mstari wa mraba wa nyuma, chomoa urudie. Kona ya kwanza, kona ya pili, halafu katikati. Unapounga mistari mirefu, anza kubana kwenye makutano ya mishono, siyo mwanzoni mwa mstari kuelekea mwisho.

Kwenye makutano yenyewe kuna donge la tabaka nyingi. Lazimisha sindano ipite ndani ya donge hilo na kona itasogea. Kushona kwa mkono kunakupa nafasi ambayo cherehani haina: fika kwenye kona, rudisha sindano mara moja, ipitishe chini ya vile vipande vya kingo za mshono vilivyosimama bila kuvishona, endelea upande wa pili. Vipande hivyo vikibaki huru unaweza kuvilaza upande wowote baadaye. Kwa mistari, vya mstari wa kwanza vilazwe kulia, vya wa pili kushoto, vya wa tatu kulia. Vikikutana, kimoja hukaa kwenye bonde la kingine na kona hujifunga yenyewe.

Chanzo cha mwisho kimo kwenye kitambaa. Mraba uliokatwa hanamu, yaani mshazari kwa nyuzi, huvutika. Uliukata ukiwa mraba, ukaushika mara tatu ukawa umelegea. Kwenye kitenge kizima kutafuta uelekeo wa nyuzi ni rahisi, fuata ukingo wenye maandishi ya kiwanda. Kwenye mabaki ya fundi wa mtaani ukingo huo mara nyingi haupo. Basi kivute kipande kwa vidole pande mbalimbali: upande mmoja hauvutiki karibu kabisa, wa pili unavutika kidogo, na wa kona kwa kona unavutika sana. Kata kwa kufuata ile miwili ya kwanza. Kama una shaka, kata ncha kidogo kisha chana; pamba iliyofumwa kawaida hupasuka kwa kufuata uzi, na hapo umepata mstari ulionyooka bila rula. Maua ya kitenge wakati mwingine yamepigwa chapa kwa kupinda kidogo kuhusiana na nyuzi. Fuata uzi, achana na maua.

Kuokoa: tofauti ikiwa chini ya 1/8, usifumue mstari mzima. Fungua inchi moja kila upande wa kona, bana upya kona kwa kona, sambaza kile kilichozidi kati ya pini, shona. Ikizidi robo, fumua mraba ule peke yake, chora mstari wake upya, urudishe.

Na kama umechoka na kona

Kuna wanawake wanaoshona mifarishi ya viraka ya kupendeza bila kujishughulisha na kona hata moja, na wanatuhusu. Ni Wasiddi wa jimbo la Karnataka, India, jamii ambayo asili ya wengi wao ni Afrika Mashariki. Wazee wao walifika huko karne kadhaa zilizopita, wengi wakiwa watumwa, wengine askari na mabaharia. Mfarishi wao huitwa kawandi, na hushonwa kwa mkono kwa nguo kuukuu.

Kwenye kawandi hakuna kuunga miraba kwanza halafu kutandika. Kitambaa cha chini hutangulia. Mshonaji huanza kwenye kona au ukingo, hulaza kiraka, hukunja kingo zake ndani, na kukishona moja kwa moja kwenye kitambaa cha chini kwa mistari ya sindano inayoingia na kutoka, inayoingia na kutoka. Kiraka kinachofuata hufunika ukingo mbichi wa kilichotangulia. Anazunguka kingo zote nne, kisha anaingia ndani, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka katikati. Mishono hiyo inafanya kazi tatu kwa pamoja: inashika viraka, inafunga matabaka na ndiyo mapambo. Kwenye kona za nje wengi huongeza vipande vilivyokunjwa pembetatu, vinaitwa phula, yaani maua.

Ninawashauri wanaoanza kwa mabaki ya ukubwa tofauti wajaribu njia hii kabla ya miraba. Kipande kikiwa kifupi unaongeza kingine, kikizidi unakikunja. Ubaya wake ni kwamba kosa la kutandika chini huwezi kulirekebisha mwishoni, kwa hiyo soma sehemu ya mikunjo ya nyuma kabla ya kuanza.

Mshono unajikusanya

Mraba ulikuwa bapa. Baada ya kushonwa una vijikunjo kando ya mshono kama kiuno cha gauni chenye mpira. Ushike mshono ncha zote mbili, uvute taratibu. Uzi ukilia au kukatika, uliuvuta mno. Wanaoanza huuvuta kila baada ya kuchoma sindano wakidhani ndiyo uimara. Uzi uvutwe mpaka ulale juu ya kitambaa, uishie hapo. Nyuzi za poliesta za cherehani zinafaa kwa kazi hii, ila zinanyumbuka: ukizivuta, zinarudi nyuma usiku kucha na asubuhi unakuta vijikunjo ambavyo jana havikuwapo.

Kama hujafunga mwisho, telezesha mshono kati ya kidole gumba na cha shahada kuelekea kwenye sindano, vijikunjo vitaondoka. Kama umefunga, kata fundo la mwisho, legeza, funga tena. Mshono ukiwa mfupi ni bora kufumua wote. Ni inchi tano tu.

Mshono unachungulia

Ukifungua miraba miwili unaona nyuzi kama ngazi katikati. Hili ni kinyume cha hilo la juu: stichi ndefu, uzi umelegea. Kwa anayeanza, stichi sita hadi nane kwa kila inchi moja zinatosha kwa pamba. Waliozoea hufika kumi. Rudisha sindano nyuma mara moja kila baada ya inchi hivi, na kila mwanzo na mwisho. Bila hivyo uzi ukikatika sehemu moja, mshono wote unafunguka.

Huna haja ya kufumua. Pitisha mstari wa pili juu ya mstari uleule, sindano ikijaza nafasi zilizoachwa na ya kwanza.

Uzi unajifunga mafundo, unachanika, unakatika

Tofautisha haya matatu, maana hayana chanzo kimoja.

Ukijifunga mafundo, ni mrefu mno au umejisokota. Kata uzi usiozidi inchi 18, yaani toka ncha za vidole mpaka kupita kiwiko kidogo. Najua inaudhi kutunga uzi mara kwa mara. Uzi wa mkono mzima unaudhi zaidi. Kila baada ya muda achia sindano ining'inie, izunguke yenyewe mpaka itulie. Pitisha uzi kwenye nta ya nyuki, kisha ukamue kati ya vidole. Nta inaulainisha na kuuzuia usijisokote. Tanzania nta si kitu cha kutafuta mbali, Tabora wanaitoa pamoja na asali. Mshumaa wa dukani ni mbadala dhaifu na unaweza kuacha doa la mafuta ukipiga pasi.

Ukichanika karibu na sindano, tazama tundu la sindano. Lina kutu au lina ukali. Tupa sindano hiyo. Pia sogeza uzi kidogo kila baada ya mshono mmoja ili sehemu ileile isisuguliwe muda wote.

Ukikatika ovyo, uzi wenyewe ni mbovu. Kata inchi kumi, ushike kwa mikono miwili, upe mvuto mkali. Ukikatika bila kupinga, usipoteze muda wako. Nyuzi zilizokaa dirishani mwa duka zikipigwa na jua miaka zinaoza zikiwa bado zinang'aa.

Sindano haipiti, vidole vinauma

Namba za sindano zinakwenda kinyume na matarajio: namba ikiwa kubwa, sindano ni nyembamba. Pakiti za mchanganyiko zina sindano nene ambazo zinafaa magunia. Tafuta namba 9 au 10 kwa kuunga viraka. Fupi ni bora kwa kushona tabaka tatu kwa sababu haipindi.

Kitenge kipya kina wanga wa kiwandani unaokifanya kigumu kama karatasi, kufua kunaondoa. Mwambao, hewa ya chumvi inatia sindano kutu ndani ya wiki chache, na kutu huonekana kwanza kama uzito wa kupita. Zihifadhi kwenye kikopo kinachofungwa. Kuchoma sindano kwenye sabuni kavu huifanya iteleze. Na vaa tondoo, kile kikofia cha kukinga kidole, au subana kama mnavyoita huko kwenu, kwenye kidole cha kati. Siku mbili utaiona inakusumbua, baada ya hapo utaitafuta isipokuwepo.

Mraba umeyeyuka chini ya pasi

Ulipata poliesta ndani ya mabaki. Mfuko wa mabaki ya fundi una kila kitu: kitenge cha pamba, kitenge cha poliesta kilichopigwa chapa ileile, satini, lesi, tetroni. Chomoa nyuzi chache kutoka kila kitambaa unachokitilia shaka, zichome kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Tetroni ni mchanganyiko na hutoa dalili za pande zote mbili.

Si lazima uitupe poliesta. Ila usiichanganye na pamba katika mfarishi mmoja: pamba itanywea ikifuliwa, poliesta haitanywea, na utapata vijikunjo ambavyo hakuna mkono wa kuvitoa. Kwa wanaotumia pasi ya mkaa, weka kitambaa cheupe kati ya pasi na kazi. Kinazuia majivu na kinakupa nafasi ya kuonja joto kabla halijafika kwenye kitenge.

Rangi imechuja

Nyekundu, nyeusi na bluu iliyokoza ndizo zinazoongoza. Kabla ya kukata, lowesha kona ya kila kitambaa na ukigandamize kwenye kitambaa cheupe chenye maji. Kikiacha doa, kifue peke yake, kwa sabuni na maji ya moto, mara kadhaa, mpaka maji yatoke safi. Vitambaa vyote vifuliwe kabla ya kukatwa hata kama havichuji, khanga ya chini ikiwemo. Kitenge kilichofuliwa kikishonwa juu ya khanga isiyofuliwa, ufuaji wa kwanza utanywesha khanga peke yake.

Kuhusu chumvi na siki: chumvi ina kazi kiwandani wakati rangi inaingia kwenye pamba. Rangi ambayo haikushika siku hiyo haitashikishwa na beseni la chumvi nyumbani. Inabidi itoke, na kinachoitoa ni maji mengi na sabuni.

Kama mfarishi umekwisha kushonwa na nyekundu imeingia kwenye nyeupe, kuna sharti moja: usiache ukauke, wala usipige pasi. Utumbukize wote kwenye beseni kubwa lenye maji ya moto na sabuni nyingi, uache uelee kwa saa kadhaa, badilisha maji yakipata rangi, rudia. Jiki usiguse, itaondoa doa na kitenge pamoja. Doa likikauka bila kuonekana mpaka wiki mbili baadaye, kata mraba mpya, kunja kingo zake ndani, ushone juu ya ule ulioharibika. Hakuna atakayejua, na hata akijua, viraka ndiyo kazi yenyewe.

Nyuma kuna mikunjo

Mbele ni safi. Geuza, khanga ina mikunjo iliyoshonewa ndani. Chanzo ni kutandika. Tandika kwenye sakafu ya saruji au vigae, siyo juu ya mkeka wala godoro. Khanga iwe uso chini, imebandikwa kwa utepe wa karatasi wenye gundi pande nne, imenyooka lakini haijavutwa; ukiivuta sana itarudi ukiibandua na kuleta mikunjo ileile. Ikatwe kubwa kuliko viraka kwa inchi mbili kila upande, yaani 34 kwa 44. Khanga ya kawaida, kama sentimita 110 kwa 150, inatosha na kubaki. Kabla ya kukata, amua jina la khanga litakaa wapi. Ni huzuni kugeuza mfarishi na kukuta nusu ya maneno. Mimi huliacha jina lote na kutoa sadaka pindo la upande mmoja.

Juu ya khanga tabaka la joto, kisha viraka uso juu. Piga bandi ndefu za muda kwa uzi wa rangi tofauti, ukianzia katikati kuelekea kingo, mistari ikiachana kiganja kimoja. Pini peke yake hazitoshi. Zinachomoka na kuchoma. Unaposhona tabaka tatu, anza tena katikati. Anayeanza pembeni anasukuma ulegevu wote katikati, na ukifika huko hauna pa kwenda.

Mikunjo ikiwa midogo, iache. Ikiwa mikubwa, fumua mishono ya eneo lile tu, nyoosha, piga bandi upya.

Geuza: stichi nyingine hazikufika nyuma

Sindano iliingia kwa kulala, ikapita kwenye tabaka la katikati na kurudi. Iingie wima, na kidole cha mkono wa chini kiisikie ncha kabla hujairudisha juu. Chukua stichi mbili au tatu kwa wakati mmoja. Usihangaike na udogo. Stichi kubwa zilizolingana zinapendeza kuliko ndogo zilizochanganyika. Fundo la mwanzo livutwe mpaka liingie ndani ya tabaka la katikati; likirudi nje kila mara, kitambaa kimelegea, basi achana na fundo na urudishe sindano mara mbili mahali pamoja.

Tabaka likiwa nene na mkono umeshindwa, funga badala ya kushona. Kwa uzi mnene uliokunjwa mara mbili, shuka na kupanda kwenye kila makutano ya miraba, funga fundo mara mbili, acha ncha za inchi moja. Mfarishi wetu utakuwa na mafundo 35, kazi ya jioni moja au mbili.

Katikati pamejaa madonge

Ulijaza sufi au pamba ya mito. Hizo zinakaa kwenye mto kwa sababu mto haufuliwi ovyo na nafasi yake ni ndogo. Kwenye mfarishi zinahama. Tumia kitu kilicho shiti moja: shuka kuukuu kwa joto la Tanga au Mombasa, blanketi jepesi kuukuu kwa Njombe au Limuru, au pamba ya poliesta inayouzwa kwa mita. Shuka na blanketi huvumilia mishono iliyoachana inchi 5. Pamba ya poliesta iwekee mishono kila inchi 3 hadi 4. Madonge yakishatokea hayanyooki. Fungua ukingo mmoja, toa, weka blanketi, shona upya.

Kingo zina mawimbi

Utepe wa pindo ulikatwa kwa kupimwa kwenye ukingo wenyewe, na ukingo umekwisha kuvutika. Pima mfarishi katikati yake, upana na urefu, kata utepe kwa kipimo hicho, bana ncha mbili na katikati, kisha ulazimishe ukingo uufuate utepe.

Umefuliwa, mishono imeachia

Ikiachia katikati ya mshono, uzi ulikuwa mbovu au hukurudisha sindano. Ikiachia ukingoni huku nyuzi za kitambaa zikiwa zimechomoka, robo inchi ilikuwa ndogo kwa kitambaa hicho. Khanga nyepesi iliyofumwa wazi inahitaji 3/8. Kunja upya kingo za miraba miwili ndani kidogo, zisogeze zikutane, na pitisha sindano ndani ya mkunjo wa huku, kisha wa kule, kwa zamu. Ukivuta, uzi unajificha.

Ikiachia pande nyingi kwa wakati mmoja, angalia ulivyoanika. Mfarishi uliolowa ukining'inizwa kwa ukingo mmoja unabebesha uzito wote wa maji kwenye mishono ya juu. Ukamue kwa kuugandamiza, siyo kwa kuusokota, kisha utandaze juu ya kamba mbili au tatu zilizo sambamba, kivulini, upande wa khanga ukiwa juu.